Kanga Mbichi kwenye Vigae

Mjukuu wangu Zuhura,

Salamu zikufikie huko Maskati, wewe na kitukuu wangu Nassor. Sisi hapa mtaani La Rochelle, Johannesburg, hatujambo. Baridi ya Joburg imeingia. Babu yako kavaa makoti mawili na bado anasema "eish" kila mlango ukifunguliwa.

Umeniuliza umpeleke wapi mtoto kwenye mji wa joto kama huo. Nikwambie nilivyokosea mimi.

Mama yako alipokuwa na miezi minane, nilimpeleka hukohuko kwa mama yangu, ambaye hakuwa amemwona. Wiki nzima nikamtembeza mtoto: sokoni, ngomeni, ufukweni, nipate picha. Kila tukirudi, joto limemchosha, kalala fofofo. Mama alikaa kando yake akimpepea, akingoja aamke. Akiamka, natoka naye tena. Mama hakunilaumu.

Siku ya mwisho jua lilituzuia ndani. Mama akaloweka kanga, akaitandaza kwenye vigae vya sakafu, akamketisha mtoto juu yake. Mtoto akaipiga kwa viganja, maji yakamrukia usoni, akacheka.

"Kumbe anacheka hivi," mama akasema, kwa sauti ndogo.

Hawakuonana tena.

Basi mtoe alfajiri aone bahari, jua likipanda rudini mkae na shangazi yako mliyefikia kwake.

Na mkipitia Joburg, msimtembeze mtoto popote. Vigae ninavyo. Kanga nimeshaitoa sandukuni, na kwa baridi hii nitailoweka kwa maji ya uvuguvugu.

Bibi yako