Klorokwini Kando ya Chumvi

Kathiani, Machakos
Januari 2007

Dada Nekesa,

Bungoma hamjambo? Huku mvua imekataa kukatika na mbu ni wengi ajabu. Jana mama mkwe alinichinjia mbuzi, maana ndiyo mara yangu ya kwanza kufika kwake. Lakini si umesikia redioni hii homa ya mifugo inayofanya watu watokwe na damu? Nyama ikaletwa, hakuna aliyenyoosha mkono.

Basi mama mkwe akaweka vidonge kando ya chumvi: klorokwini, vile vichungu vya malaria ambavyo hospitali zimeacha kutoa. "Meza kwanza, mwana wakwa," akaniita mwanangu kwa Kikamba. "Hii homa si inaletwa na mbu? Basi hii dawa inaijua."

Mimi nesi mzima nikavichukua vidonge nikavigeuzageuza. Hata watu wa maabara wanajiuliza kama dawa ya zamani ya malaria inaweza kuzuia virusi, na yeye amelifikia swali hilo jikoni! Nikamwambia jibu bado halijapatikana, tuichemshe nyama sana. Ikachemka mpaka mifupa ikajitoa yenyewe.

Tukiwa tunakula, nikamwona anajikuna mikono, shingo, kila mahali. Unakumbuka klorokwini ilivyotuwasha utotoni?

"Mama, umemeza?"

Akacheka. "Asubuhi. Ningekupa aje kitu sijajaribu?"

Nilimkuna mgongo mpaka jioni. Mkumbatie mama yetu kwa niaba yangu, ila hili la mgongo usimwambie. Ataona wivu.

Wako, Naliaka