Kigari cha Kaloyan Kiko Stoo

Mama, supu ya maharage iko jikoni, ipashe tu. Kile kigari cha Kaloyan cha kujifunzia kutembea usikitafute. ~~Nimekitupa.~~ Nimekifungia stoo.

Najua ulikinunua kwa mapenzi, mjukuu atembee upesi umwokee mkate wa hatua ya kwanza, uuviringishe mbele yake aufuate, kama ilivyo desturi ya kwenu. Lakini leo asubuhi umeona mwenyewe: kufumba na kufumbua yuko mlangoni, ngazi hizo hapo! Samahani nilikufokea. Niliona anaanguka, Mama. Na wala hakimfundishi kutembea, kinamkimbiza tu.

Mwache sakafuni ashike viti. Ulipojifungia chumbani ukilia, aliachia kiti akapiga hatua moja. Tuseme mimi sijaona kitu. Ya kwanza utaiona wewe. Kanda unga wa ule mkate.

Mkweo