Masale ya Kwenda Msikitini

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Jana mchana Mzee Athumani, jirani yako, aliniambia kwamba alifika msikitini kwa kushika masale yako, ile mimea uliyoipanda njiani. Miguu yake imegoma tangu masika. Nilimwomba arudie maneno hayo, nisije nikakosea. Akarudia.

Ulipoyapanda, malori ya wafanyabiashara yalikuwa yameanza kupanda hadi huku Mlola kufuata kabichi, na kila mtu alikuwa akililinda shamba lake. Wewe ulikuwa na miezi saba huinuki, tangu ulipoanguka ukaumia mgongo. Uliacha kuongea. Bada ya mama, ugali wa muhogo uupendao, ilirudi jikoni ilivyokwenda. Kila Ijumaa uliuliza neno moja tu: "Wamejaa msikitini?"

Kisha ukaniagiza vipande vya masale. Nilidhani ni vya mpaka. Nani huku kwetu, tunakotenga mashamba kwa masale, asingedhani hivyo? Ukajivuta kwa makalio, ukavichomeka mwenyewe, viwili viwili, kutoka mlangoni petu, ukingoni mwa shamba la Athumani, hadi msikitini.

Athumani alikuja na mjumbe. "Bakari! Miguu imekufa, bado unalitaka shamba langu?"

"Athumani, hilo shamba nitalilima kwa makalio?"

Mjumbe alicheka. Athumani hakucheka. Ukamweleza kwamba huweki mpaka, unaweka mahali pa kushika. Ukaomba yaachwe hadi vuli ipite, yashike mizizi.

Kazi yangu ya uuguzi imenionyesha mengi, Baba, lakini si kama Ijumaa ile vuli ilipopita. Ulishika shina la kwanza, ukavuta. Halikung'oka. Mwinuko ninaoupanda kwa dakika tano ulikuchukua saa nzima, na ulinikataza kukugusa. Nilibeba kanzu yako tu. Ulipofika ukanawa tope, ukatia udhu, ukaivaa, ukaingia. Jioni ulimaliza bada yote, ukamwambia mama, "Ongeza."

Mpaka leo sijui nguvu ile ilikaa wapi katika mwili ule. Naandika nilichokiona.

Kutoka kwa Athumani hadi masale yako yanapoanzia hakuna kitu cha kushika. Jana wanawe walimbeba kipande hicho, naye hapendi kubebwa. Aliniuliza huku akitazama chini: "Baba yako angekuwa hai, angekubali nikate machache?"

Nimejibu kwa niaba yako. Ijumaa hii, baada ya swala, tunaanza kuchomeka mlangoni kwake. Amesema hatayavuta mpaka vuli ipite.

Binti yako,
mbeba kanzu