Nimemhamisha Baba Mkwe kwa Toroli

Bibi Prudence mpendwa,

Naiandikia safu yako ya ushauri nikiwa nimejifungia kwenye kibanda cha majembe, maana ndani ya nyumba hakuna anayenisemesha na wala siwalaumu. Mimi ni mtengeneza bustani hapa Otley, Yorkshire, mwaka wa thelathini huu, na Jumapili asubuhi ni mimi ninayejibu maswali ya wasikilizaji redioni, sasa watu wa televisheni nao wakanipa kipindi, kile cha kumtengenezea mtu bustani kwa siku mbili akiwa hayupo, arudi ashtuke mbele ya kamera, nami nikaona wa kwanza awe mama mkwe, Winifred, aliyekuwa pwani, Scarborough, kupunga upepo, na hata mke wangu Maureen sikumwambia, siri isivuje. Basi nikang'oa mawaridi yake yaliyochakaa, nikazoa udongo wote, nikapiga sakafu ya mbao na kuweka chemchemi ya umeme, na mama aliporudi akasema, "Vizuri sana, Clifford. Hukuwa na haja ya kujisumbua," nikadhani ananishukuru. Kumbe chini ya mawaridi ndiko alikomwaga majivu ya marehemu mumewe, mzee Ernest, baada ya mwili kuchomwa, na aliyejua ni Maureen tu, ndiye aliyeniambia usiku ule. Na udongo ule nilikwisha kuupeleka kwa toroli kwa mteja wangu wa mtaa wa pili, daktari wa meno, na marehemu maisha yake yote aliwakimbia madaktari wa meno. Mama haulizi udongo uko wapi, ananimiminia chai bila kuniangalia. Kipindi kinarushwa Ijumaa, na nimeahidiwa vingine sita. Niseme, au ninyamaze kwanza?

Clifford

Clifford,

Hongera. Wenzako huwaudhi mama wakwe kwa kuchelewa chakula cha Jumapili. Wewe umemng'oa marehemu ukamlaza kwa daktari wa meno. Nakusikiliza redioni, na kila anayepiga simu unamhoji kuhusu udongo wake mpaka anachoka. Kumwuliza mama mmoja swali moja, mdomo ukawa mzito.

Na usijifanye hukuelewa. Umezaliwa Yorkshire. Mama wa huku akikwambia hukuwa na haja ya kujisumbua, na koti hajavua, ujue umekwisha.

Najua inakuuma, la sivyo usingejificha na majembe. Basi toka humo. Wapigie televisheni uwaambie kipindi hicho hakirushwi. Watanuna, lakini watu wa kuharibu bustani hawajawahi kuadimika. Kisha nenda kwa Winifred mikono mitupu, umweleze mzee yuko wapi. Usijitetee, wala usimtume Maureen. Akimtaka mumewe arudi, kabishe hodi kwa daktari, sema ukweli wote, aibu utaimeza, urudishe udongo ule hadi koleo la mwisho, na mbao zako uzing'oe mwenyewe bila kamera.

Akilia, mwache alie. Mumewe amempoteza mara mbili, bwana, na mara ya pili ni kwa mkono wako. Kamwambie leo.

Prudence