Foleni ya Maji

Kingston, Jamaika
14 Machi 1964

Kwako kaka yangu Vivian,

Barua yako ilifika Jumanne ya wiki iliyopita, imekunjamana kama shati la mlevi, lakini ilifika. Nimefurahi kusikia kifua kimepona na baridi ya Birmingham umeanza kuizoea, ingawa Mama haamini. Anasema mtu haizoei baridi, ni baridi inayomzoea mtu. Sisi huku wazima. Mama magoti yanamsumbua ila mdomo haujaugua hata siku moja. Jirani yetu Bi Icilda anakusalimu, tena anauliza kama Waingereza wameweza kukufundisha kuosha sahani yako.

Umeniuliza huu muziki wa ska ni nini hasa, maana vijana wa kizungu kiwandani wanakuuliza, nawe unaona haya kuwajibu kwamba ulipanda meli kabla haijazaliwa. Nitakueleza nijuavyo mimi niliyekuwepo.

Unamkumbuka Bwana Leighton wa duka la pombe, alivyokuwa akifunga maspika yake makubwa uani na kupiga santuri za Wamarekani, majina ameyakwangua kwa msumari ili wapinzani wasijue anazitoa wapi. Basi, ulipoondoka tu, Wamarekani wakabadilika. Nyimbo zile nzito tulizozipenda zikaadimika. Leighton akaenda Miami, akarudi na sanduku zima la santuri, akazipiga, na watu wakasimama wakaziangalia tu. Bi Icilda akamwambia mbele ya wateja wake kwamba hata matangani watu huchezesha kichwa kuliko hapo. Lilimuuma. Akaamua atengeneze muziki wake mwenyewe. Akatukusanya: mimi na tromboni yangu, Roderick wa gitaa, wapuliza tarumbeta wawili, mpiga piano wa kanisani aliyekuja kwa kujificha, na mzee Cuthbert wa besi, aliyechoka kupigia watalii hotelini.

Mwanzo tuliwaiga Wamarekani. Lakini mkono una kwao, kaka. Cuthbert amekulia shamba, kwenye mento, muziki wetu wa mashambani, ambako banjo hujibu katika nafasi zinazoachwa wazi. Akawa anamsukuma Roderick taratibu, na siku moja gitaa likaanza kudonoa mahali banjo lilipokuwa likidonoa. Leighton akaruka kitini akapiga kelele, “Hapo hapo! Ukipaacha hapo nakufukuza!”

Waambie vijana wako hivi: wahesabu moja, mbili, tatu, nne, kila hesabu wakanyage chini. Sasa gitaa na piano visiingie mguu unapogusa ardhi. Viingie mguu ukiwa hewani. Chini yake besi inatembea bila kupumzika, na juu yake sisi wa kupuliza tunaimba. Mwili unajikuta unanyanyuliwa wenyewe. Jina nalo, Roderick anaapa ni mlio wa nyuzi zake akizikata ghafla: ska, ska. Cuthbert anasema Roderick ukimwachia atadai hata mvua ni mwanawe. Nani aliianzisha? Kila ua hapa mjini una mwanzilishi wake, na wote wako tayari kupigana. Ninachojua ni kwamba mwaka ule wa Uhuru hata matajiri wa mlimani, waliokuwa wakitufungia madirisha, walishuka wakacheza.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya niichane barua hii mara mbili.

Mwaka ule ule, asubuhi moja ya Alhamisi, tulikuwa tumemaliza kurekodi nyimbo mbili na studio ilikuwa yetu kwa nusu saa nyingine. Leighton akauliza nani ana wimbo. Nikainua tromboni, na kilichotoka ni ule mluzi wako, uliokuwa ukiupiga asubuhi ukiwa na ndoo yako kwenye foleni ya bombani. Wewe uliupiga polepole, kama wimbo wa kanisani. Mimi niliuharakisha, Roderick akaukatakata, Cuthbert akatembea chini yake. Leighton akauliza unaitwaje. Nikasema, Foleni ya Maji. Akauliza ni wa nani. Kaka, nafasi ya kusema ukweli niliipata. Nikasema, wangu.

Nawe umeniandikia kwamba umeusikia kwa kinyozi huko, ukatoka nje kulia, kwamba unajivunia mdogo wako, na kwamba unahisi uliwahi kuusikia zamani, labda kwa Mama. Si kwa Mama, Vivian. Ni wako.

Jumapili nilimwambia Mama tukiwa mezani. Aliweka kijiko chini, akasema, “Nimewazaa wote wawili. Mluzi wa nani utanipotea mimi?” Alijua tangu siku ya kwanza redioni. Alikuwa akingoja kuona nitaubeba mzigo huo mpaka lini.

Jumatatu nilikwenda kwa Leighton nikamtaka abadilishe jina la mtunzi kwenye santuri, aweke lako. Akacheka, akasema santuri haisomwi, inachezwa. Nikamwambia basi sipulizi tena kwake mpaka jina lako liwepo. Jumatano akachukua mtu mwingine. Kwa sasa nabeba magunia ya sukari gatini, na tromboni iko ukutani.

Sikuombi unisamehe leo. Ukitaka kunitukana, nitukane kwa ukurasa mzima, lakini usinyamaze. Kimya chako kitamuumiza Mama kuliko mimi.

Mama anakukumbatia na anasema ule vizuri. Cuthbert anakusalimu. Wasalimie wote wa nyumbani wanaoishi nawe huko.

Na jambo moja zaidi. Mluzi ule ulikuwa na kipande cha mwisho, ulichokuwa ukikipiga ndoo ikishajaa. Hicho hakimo kwenye santuri. Nilikitafuta ile nusu saa yote pale studio, sikukipata. Kama bado unacho, usinitumie. Kipige huko huko, mwenyewe.

Mdogo wako niliyekukosea,
Ransford