Mwanga Ndani ya Tangi la Baba Shiku

Mum wangu, sasa hivi Shiku amelipungia mkono tangi tupu, halafu akasimama kungoja lijibu.

Ni lile tangi la chuma alilochomelea Baba Shiku hapa Longonot. Mainjinia wanajaribia ndani yake mtambo wa roketi unaotema umeme. Asubuhi walifyonza hewa yote, wakawasha. Mwale wa zambarau ukatoka bila sauti, ukajikunja polepole, ukarudi kuukumbatia mtambo. Eti mtambo ukitema umeme unabaki na chaji, unauvuta tena. Niliogopa, nikafunika kidirisha cha tangi na leso vile wewe hufunika kioo ukisikia radi. Injinia mmoja, anayeniita mathe kama vile mimi ni mama yake, akacheka, "Mathe, hii si radi!" Lakini nyuma ya leso mwanga ulikuwa unapigapiga kama mtoto tumboni.

Wameongeza waya ndefu za kupunguza chaji, wanawasha tena. Mwale ukinyooka, Baba Shiku anapewa kazi ya kudumu, na mimi na Shiku tunahamia kwake huku Longonot. Tuombee, Mum, na ujifunike vizuri, baridi ya Molo naijua. Ngoja, yule injinia ananiita, "Mathe, kuja! Umenyooka!" Baba Shiku anaruka, Shiku anaupungia mkono, na huo mwanga nao unampungia, Mum.