Mama, Karolina Kusini Si Brazili

Mama,

Shikamoo. Najua huwezi kuniitikia, lakini nikianza kukueleza jambo kabla ya kukuamkia nitasikia sauti yako ikinirudisha mlangoni.

Nimekaa barazani kwako hapa Tandika. Kuku wa jirani wameingia tena uani na leo sijawafukuza, maana nina jambo limenikaa rohoni tangu ulipotutoka, nataka nilimalize.

Unakumbuka siku Idi alipokwambia anataka kumuoa Denisi? Yule binti wa Kimarekani aliyekuja kusoma Kiswahili, akawa anakaa hosteli za Mabibo na kila siku yuko dukani kwa Idi anatoa kopi, hata kopi za vitu visivyohitaji kopi. Hukuuliza umri wala dini. Uliuliza, "Kwao wapi?" Idi akasema Karolina Kusini. Ukanigeukia mie, mwalimu wa jiografia wa nyumba nzima: "Zuhura, ndiyo wapi huko?" Nilikuwa nasahihisha mitihani. Nikajibu bila kuinua kichwa, "Kusini, huko huko Amerika."

Basi wewe ukaelewa Brazili. Wiki nzima ukawa unauliza kama kaka zake wanacheza mpira. Tukacheka, Mama, na hakuna aliyekusahihisha. Kisha ukasema neno lako: "Mtu nisiyepajua kwao, mwanangu simpi." Mara ukaugua. Mara ukaondoka.

Idi hakuoa. Alisema hawezi kukuvizia umelala ndiyo apitishe harusi. Mwaka mzima yeye na Denisi walikaa hivyo hivyo, wamekonda kama wanaofunga wote wawili. Na mie nikajua kosa ni langu. Ningeinua kichwa dakika tano tu.

Sasa sikia. Juzi juzi mama yake Denisi amekuja. Anaitwa Bi Loreta, mjane, amepita miaka sabini, mrefu, ana kicheko kinachotikisa vikombe. Tulimpokea uwanja wa ndege, tukapitia kwangu Kipawa akaoga, kisha tukamleta hapa kwako. Mjomba Saidi alikuwa keshafika kutoka Kilwa, kanzu imepigwa pasi, uso umefungwa. Yeye ndiye mkubwa wetu sasa, na alikuja na neno lako lile lile. Hata chai haijapoa akaliuliza: "Mama, kwenu wapi?"

Denisi akatafsiri. Bi Loreta akachukua sambusa kwenye sahani, akailaza katikati ya mkeka. Akasema, hii ndiyo Karolina Kusini.

Mama, miaka kumi na minne nafundisha ramani na sijawahi kuona somo kama lile! Upande mmoja wa sambusa, akasema, ni bahari ya Atlantiki. Upande wa pili ni mto unaowatenga na jirani zao wa Jojia. Upande wa tatu, juu, ni Karolina Kaskazini. Ile ncha iliyo mbali na bahari ni milima, ina misitu na baridi. Ukishuka unakuta vilima, halafu mchanga mtupu, na hapo katikati ndipo ulipo mji mkuu. Kisha nchi inalala bapa hadi pwani: visiwa, matope, nyasi ndefu, maji yanakupwa na kujaa, na tufani zikija zinang'oa mapaa. "Sie ni watu wa hapa," akagusa ukingo wa sambusa, "wa visiwani."

Mjomba, mtu wa Kilwa, aliposikia visiwa na maji kupwa, uso ukafunguka kidogo.

Bi Loreta akatueleza na ya zamani. Wenyeji wa kwanza walikuwa watu wengine kabisa. Wamefukuzwa wengi, lakini mito bado inaitwa kwa majina yao. Waingereza wakaja, wakaona matope yale yanafaa mpunga, nao mpunga hawaujui. Wakawanunua watu kutoka pwani ya magharibi ya Afrika, waliozaliwa kwenye mpunga, wakashushwa bandari ya Chalistoni. Hao ndio waliojenga matuta na kulima, wenye mashamba wakatajirika. Baadaye pamba. Vita vya Wamarekani wenyewe kwa wenyewe, vya kugombea utumwa, risasi zake za kwanza zililia pale pale bandarini. Uhuru ukaja, weusi wakaingia bungeni, kisha wakasukumwa nje, zikatungwa sheria za kuwatenga. Bi Loreta mwenyewe utotoni alikuwa anaingia dukani kwa mlango wa nyuma. Alisema hilo bila kicheko.

Kisha akarudi kwenye vyakula, na hapo ndipo tulipovunjika mbavu. Kwao kuna mahindi meupe yanaparazwa, yanapikwa laini, yanaliwa kwa kamba wa baharini. Mjomba akasema, "Huo ni ugali uliokata tamaa." Denisi akatafsiri vile vile! Bi Loreta akacheka hadi akashika ukuta. Wali wao wanaupika na nyanya, mwekundu. Bamia wanazo, ufuta wanao. Karanga wazee wao wanaziita guba, Mjomba akaruka: "Njugu hiyo! Imepotea njia tu." Wanawake wa kwao wanashona vikapu kwa nyasi za pwani; akaufunua ukingo wa mkeka wako mara tatu akitafuta ulipoanzia. Kanisani wanazunguka duara wakipiga makofi na visigino. Na madirisha wanayapaka buluu ili mizimu isiingie. Mjomba akayatazama madirisha yako ya buluu, akasema, "Ya kwetu yanazuia mizimu, mbu yanawaruhusu."

Nilidhani yameisha. Lakini unamjua kaka yako. Akauliza tena, kwa upole sasa: "Na kabla ya huko visiwani, asili yenu wapi?"

Bi Loreta akasema, "Sijui. Majina yetu waliyafuta. Nalijua kaburi la bibi wa bibi yangu, liko karibu na maji, nalisafisha kila mwaka. Nyuma ya hapo ni bahari tu."

Denisi akatafsiri. Idi akainama. Mie nikawaza, basi, limeharibika.

Mjomba akavua kofia. "Sisi watu wa Kilwa," akasema, "tunajua watu walipitishwa kwetu wamefungwa minyororo. Na waliowapitisha, wengine ni wazee wetu." Akamgeukia Bi Loreta. "Mama, anayelijua kaburi la bibi wa bibi yake ana kwao. Mie la kwangu silijui." Akamwita Idi, akamwekea mkono kichwani. "Dada yangu aliuliza, amejibiwa. Oa, mwanangu."

Halafu, kwa kuwa ni Mjomba, akaichukua Karolina Kusini akaila, milima kwanza.

Wameoana, Mama. Matarumbeta yalizunguka mtaa mzima, Bi Loreta juu ya gari anapunga kitambaa kama mzaliwa wa Temeke. Denisi ananiita wifi, na anapokosea ngeli namsahihisha papo hapo, sisubiri tena.

Kabla hajaondoka Bi Loreta aliomba tumlete kaburini kwako. Tukajitanda, tukaja mie na yeye tu, hakuna wa kutafsiri. Alipiga magoti akang'oa magugu yako kwa mikono yake, pole pole, huku anakusemesha kwa Kiingereza cha visiwani kwao. Kingine nilikipata, kingine hapana. Nilisikia "asante" kwa Kiswahili, na jina la Idi, na jina lako. Nililia, lakini si kilio kibaya.

Nisamehe kwa yale majibu ya kichwa chini. Ulistahili ramani nzima.

Mwezi ujao shule zikifungwa, mie na Mjomba tunakwenda Kilwa, Denisi na Idi wamesema nao lazima. Tutalitafuta kaburi la bibi wa bibi yako. Mjomba anakumbuka mti mmoja tu na kisima, na kisima keshasikia kimefukiwa. Hata hivyo tunakwenda, na majembe tunayo. Nakuahidi, tutauliza kwa wazee wote waliobaki, na nikiulizwa ninamtafuta nani nitainua kichwa, nitaeleza mwanzo mpaka mwisho.

Pumzika, Mama yangu. Mungu akulaze pema.

Mwanao,
Zuhura